Nilikwenda Kuapa Kwamba Sina Kitu, Ng'ombe Wakanifuata Mjini

Nina miaka arobaini na nne, ni mama wa binti mmoja, na ninakaa chumba cha kupanga hapa Bariadi. Ungenikuta ninavyoandika haya ungecheka... Naandika mistari miwili, nasimama, naenda mlangoni, nachungulia nje, narudi kukaa. Hakuna anayenitafuta tena, najua! Lakini mwili wangu haujazoea kukaa mahali pamoja.

Wasomaji wenzangu, mimi siyo mtu wa kuandika na wala sitafuti huruma. Ulizeni sokoni, watawaambia Kabula hana breki mdomoni. Nikikasirika nasema, nikifurahi nasema. Ila hili moja nimelinyamazia, na kila nikilinyamazia kifua kinapanda kama nimekimbia. Sasa basi, acha niliseme.

Nilikuwa na mashine ya kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Mtu wa huku anajua biashara hiyo. Unanunua mbegu kiwandani wakishachambua pamba, unakamua, mafuta unauza kwa madumu, na yale makapi yanayobaki, yaani mashudu, wafugaji wanagombania kulishia ng'ombe kiangazi. Nilianza na kamashine kadogo, kanapiga kelele kuliko kazi yenyewe. Nikasomesha mwanangu Minza kwa hako hako kamashine mpaka akaingia chuo cha uuguzi Mwanza. Nilikuwa natembea mjini kichwa juu!

Mshirika wangu alikuwa Nyanjige. Tulisoma naye darasa moja, tukaimba naye kwaya moja, na mume wangu alipofariki ndiye aliyelala nyumbani kwangu mpaka matanga yakaisha. Yeye alikuwa na maneno matamu ya kuuzia, mimi nilikuwa na mikono ya kazi. Nikikaa kwenye mashine, yeye anakwenda Mwanza na mzigo. Mngekuwa nyie mngemshuku mtu kama huyo? Mimi sikumshuku hata siku moja.

Yeye ndiye alileta wazo la mashine kubwa. Tukakopa benki, mkopo ukaandikwa jina langu, kwa sababu eti kitambulisho chake kilikuwa na makosa ya herufi na kurekebisha kunachukua muda. Sawa. Bei ya mbegu ikapanda, tukaongeza mkopo wa kikundi, jina langu. Wafugaji wakatulipa mashudu kabla hatujakamua mbegu, wakamlipa Kabula. Tulipokwama zaidi nikaingia kwenye ile mikopo inayoitwa kausha damu, ya riba za kila wiki, na ile ya kwenye simu ambayo unabonyeza tu pesa inaingia. Yote jina langu! Kitambulisho cha Nyanjige kilikuwa bado kinarekebishwa.

Basi, siku moja akapakia mzigo mkubwa kuliko yote, mafuta na mashudu ya watu, akaniaga vizuri kabisa, akaniambia nimchemshie viazi akirudi. Hakurudi. Simu ikawa haipatikani. Wengine wanasema yuko Kahama na mwanaume, wengine wanasema alivuka mpaka. Viazi nilivichemsha, jamani... nikavitazama vikipoa kwenye sufuria.

Benki walikuja na lori wakachukua mashine. Sikuwalaumu, ndiyo ilikuwa dhamana yao. Nikadhani mambo yameishia hapo. Wapi! Yale madeni mengine ndiyo kwanza yalianza kufufuka.

Watu wa kausha damu hawagongi mlango, wanaupiga. Wale wa kwenye simu ndiyo walinimaliza, maana walituma ujumbe kwa kila namba niliyohifadhi: mchungaji, walimu wa Minza, fundi aliyewahi kunitengenezea dirisha! Wote wakaambiwa Kabula ni tapeli, akionekana itolewe taarifa. Nilipoingia kanisani Jumapili ile, benchi nililokaa watu walisogea kidogo. Labda walikuwa wananipisha tu. Mimi niliona wananikimbia.

Tangu hapo sikukaa. Ninatoka asubuhi bila shughuli, ninatembea kutoka mtaa wa Malambo mpaka Somanda, ninageuka, ninarudi. Nikisikia pikipiki nyuma yangu ninaingia duka lolote, ninauliza bei ya kitu nisichokihitaji. Nilikuwa nakula nimesimama. Nikahama chumba, nikahama tena, vyombo vyangu vikawa vinakaa kwenye mabeseni hata sivipangi. Mtu mzima mimi, nakimbia kivuli changu katika mji niliouzoea!

Nilipokwenda kwa wakili nilikuwa nataka kumshtaki Nyanjige. Nilikwenda na hasira zangu zote, nikapiga meza ya watu. Wakili mwenyewe ni dada mdogo kwangu, mpole, anaongea taratibu mpaka unataka kumsukuma. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza: huyo Nyanjige utampelekea wito wapi? Akaniambia nitaje wote wanaonidai. Nilipomaliza akaniambia kuna njia nyingine. Naweza kuiomba mahakama initangaze mufilisi.

Nilisimama! Nikamwuliza kama amenitukana. Kwetu kumwambia mtu amefilisika ni maneno ya kwenye ugomvi, ya kumvua mtu nguo hadharani. Leo nikaombe mwenyewe nitangazwe? Na nilipie?

Akanituliza, akanieleza kwa lugha ya kawaida. Kwamba ukitangazwa, wanaokudai hawakukimbizi tena barabarani, wanapeleka madai yao kwa msimamizi. Msimamizi anakusanya mali uliyonayo, anaiuza, anawagawia. Kitanda na vitu vidogo vya kujikimu wanakuachia. Huruhusiwi kukopa ovyo, na jina lako linatangazwa, ni kweli. Lakini unapumua. Neno hilo alilisema hivyo hivyo, unapumua... nikajikuta nimekaa tena kwenye kiti.

Kisha akasema jambo ambalo hadi leo linanigonga kichwani. Kwamba ni lazima niape, na katika kiapo nitaje kila mali, hata iliyo mikononi mwa mtu mwingine. Akaniuliza kama nina mifugo. Nikamwambia nitakwenda kuulizia nyumbani. Akanitazama. Akasema kama ipo kwa mtu anayenifugia, na mtu huyo naye ana sehemu yake, nimwambie mapema aiandike, ili haki ya yule mtu isichanganywe na yangu. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, nikaondoka haraka.

Kuulizia nini? Nilijua vizuri. Nilikuwa na ng'ombe!

Kwetu Usukumani kuna utaratibu wa kubilisa. Mtu mwenye ng'ombe hawarundiki wote zizini kwake. Anampa mtu mwingine anayemwamini amfugie, mbali kidogo, kimya kimya, ugonjwa ukipita usiwamalize wote na jicho la watu lisiwaone. Yule anayefuga anakunywa maziwa, anatumia samadi shambani kwake, na baada ya miaka anapewa mitamba iwe yake. Hakuna karatasi. Kuna neno la watu wawili na mashahidi wao, basi. Na anayewatoa ng'ombe namna hiyo ndiye mbilisi.

Baba yangu alibilisa ng'ombe kwa Mzee Jilala, upande wa Nkoma, kitongoji cha pili kutoka kwa mama yangu. Kabla hajafa aliniita, akaniambia wale ni wangu, mtoto wa kike naye awe na kitu cha kuegemea. Akaniambia pia kwamba mitamba miwili pale ni ya Mzee Jilala, amemwahidi, nisisahau. Miaka ikapita. Ng'ombe wakazaana. Mimi nipo mjini na mafuta yangu, Mzee Jilala yuko na ng'ombe wangu, kila mwaka nakwenda kuwatazama, tunakunywa maziwa, ananiita mayu, yaani mama, kwa heshima kana kwamba mimi ndiye mkubwa. Mitamba yake sikumkabidhi. Siyo kwa uchoyo... nilikuwa nasema mwakani, mwakani.

Sasa mnaelewa nilipokwama. Nikiapa ukweli, ng'ombe wa baba wanakwenda mnadani wanalipia madeni aliyoyaacha Nyanjige! Na ada ya Minza ingetoka wapi? Ng'ombe hao ndio tumaini pekee nililokuwa nimebaki nalo. Nisipokwenda kuapa kabisa, nikimbizwe maisha yangu yote. Na kuwauza ili nilipe? Nilishapiga hesabu hiyo mpaka nikachoka, wasingefika hata nusu ya deni.

Nilizunguka na jambo hilo siku nyingi. Asubuhi nasema naapa ukweli. Mchana nasema siendi. Jioni nasema naenda, lakini ng'ombe siwataji, nani atajua? Kijijini wote wanawaita ng'ombe wa Jilala. Nilikuwa naongea peke yangu njiani mpaka mama mmoja anayeuza nyanya akaniuliza kama naumwa. Nikamfokea. Maskini, hakuwa na kosa.

Mwisho nikaamua. Ninaapa sina kitu. Ng'ombe nanyamaza.

Nikampigia mama yangu simu, maana naye alishapata uvumi na alikuwa halali. Nilimkuta mashine ya kusaga, kelele tupu, mashine inaunguruma na wanawake wanaongea. Nikapaza sauti: mayu, Alhamisi ninakwenda kwa wakili Bariadi kuapa, nitatangazwa mufilisi! Mama akauliza nini? Nikarudia, mufilisi, mufilisi! Mama akapiga kigelegele. Haki ya Mungu, alipiga kigelegele mpaka nikaondoa simu sikioni. Akashukuru, wabeja, wabeja sana, asante Mungu mkubwa, baba yako angekuwepo! Kisha salio likakata.

Nilishangaa kidogo. Nikadhani amefurahi kwamba nitapumzika kukimbizwa. Laiti ningeongeza salio nikampigia tena! Lakini nilikuwa na haraka, siku zile nilikuwa na haraka ya kila kitu hata kama sina pa kwenda.

Alhamisi ikafika. Nilivaa gauni langu la kwaya, nikafika ofisini kwa wakili mapema. Ofisi iko barabarani, kuna kibanda cha chai pembeni na kijiwe cha bodaboda mbele. Pale kwenye kibanda niliona afisa mikopo wa kausha damu, jamaa mmoja mnene mwenye kicheko cha puani, anakunywa chai. Alikuwa ameambiwa na mtu kwamba nakwenda kwa wakili. Hakunigusa. Alininyooshea tu kikombe kama mtu anayesalimia.

Wakili akanisomea kiapo. Akafika mahali pa mifugo, akasoma kwamba sina. Akasimama kusoma, akaniuliza kwa upole mara nyingine. Nikajibu kwa ukali: nimeshasema sina, au unataka nizae ng'ombe hapa? Akanisogezea kalamu.

Kalamu ninayo mkononi... nikasikia honi. Honi moja, ya pili, kisha bodaboda wote wanapiga honi na kucheka. Kengele ya ng'ombe. Jamani, kengele ya ng'ombe katikati ya mji! Niliutambua mlio wake kabla sijageuka.

Nikatoka mlangoni. Mzee Jilala amesimama barabarani na kundi zima. Amevaa koti lake la kanisani kwenye jua lile, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, fimbo begani. Alikuwa ametembea nao kutoka Nkoma, njiani akalala kwa jamaa. Madume, majike, ndama, wote wanahema, mmoja ameingiza kichwa kwenye kibanda cha chai. Wanasafirishwa bila kibali chochote, maana yeye hakuwa anawapeleka kuuza, alikuwa ananiletea mwenye mali!

Aliponiona alitabasamu, akanisalimia mwangaluka mayu, kisha akapaza sauti kama mtu anayehutubia. Maneno yake nayakumbuka yote.

"Mayu wako kaniambia leo serikali inakutangaza mbilisi. Nikasema haiwezekani utangazwe bila shahidi. Ng'ombe zako ni hizi hapa, hata moja sijaficha. Waje wahesabu."

Mbilisi! Mama alisikia mbilisi! Neno mufilisi hajawahi kulisikia maishani mwake, atalisikia wapi mwanamke wa Nkoma anayelima pamba? Akasikia analolijua. Akaamini binti yake anakwenda kuapa mbele ya sheria kwamba ndiye mwenye ng'ombe, mali ya baba yake iandikwe rasmi. Akamkimbilia Mzee Jilala na habari njema. Na yule mzee, badala ya kuogopa kwamba nitamnyang'anya, akasema lazima aende kunishuhudia!

Yule afisa mikopo aliweka kikombe chini. Alikuja taratibu, kile kicheko cha puani kimempanda. Akauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia: mama Minza, hawa ng'ombe ni wako?

Wakili yuko mlangoni nyuma yangu, karatasi mkononi. Mzee Jilala ananitazama, bado anatabasamu, amenyoosha kifua ndani ya lile koti.

Nikasema siwajui.

Nikasema tena, maana sauti ya kwanza haikutoka vizuri. Siwajui ng'ombe hawa, na huyu mzee amenifananisha.

Wasomaji wenzangu, nilisemaje vile? Najiuliza mpaka leo. Nilimwona Minza anafukuzwa chuoni, nikamwona baba yangu, nikaona lori la benki likiondoka na mashine, vyote kwa pamoja, na mdomo ukatangulia. Mdomo wangu huu huu ambao haujawahi kumwogopa mtu.

Mzee Jilala hakupiga kelele. Tabasamu lilimtoka polepole, akatazama ng'ombe, akanitazama mimi. Akasema kwa sauti ndogo, "Basi mayu, kama si zako, mimi ni mwizi."

Na ndivyo ilivyokuwa! Maana nini tena? Mzee anaingia mjini na kundi la ng'ombe, hana kibali, anasema si wake, na anayemtaja kuwa mwenyewe anamkana. Mtu alishapiga simu. Askari wakaja, wakamwuliza ng'ombe wa nani. Angeweza kusema ni wake. Kijiji kizima kingemuunga mkono! Alisema hawa si wangu, wangu niliwaacha nyumbani. Wakamchukua. Ng'ombe wakapelekwa kwenye zizi la mnada wakazuiliwe.

Nilirudi ndani kumtafuta wakili. Alikuwa ameshakunja karatasi. Hakunifokea, bora angenifokea. Aliniambia kiapo kile hatakishuhudia, niende nyumbani nikafikiri, na nikishafikiri nirudi.

Nikafikiri wapi? Nilikwenda chumbani, nikatoka. Nikaenda kanisani, nikakuta kwaya wanafanya mazoezi, nikatoka. Nilikwenda mpaka zizi la mnada, nikasimama nje ya uzio. Ng'ombe walinijua, wale wakubwa walisogea. Nikaondoka mbio kama mwizi kweli. Kila nilipokwenda niliona lile koti la kanisani. Mzee wa umri ule, hajawahi kuingia kituo cha polisi hata kutoa taarifa, sasa yuko mahabusu kwa sababu alikuja kunisemea ukweli!

Alasiri nikaingia kituoni. Nilimkuta amekaa kwenye benchi, ameweka kofia gotini, anatazama sakafu. Nikamwambia askari kwamba ng'ombe ni wangu wote, mzee hana kosa, niliyedanganya ni mimi. Askari akaniuliza, mama, tukuamini wa asubuhi au wa sasa hivi? Watu waliokuwa pale wakacheka. Nikalia pale pale mbele yao, kilio cha mtoto, kamasi na kila kitu.

Mzee Jilala wakamwachia. Nilipiga magoti mlangoni kituoni, nikamshika koti. Akanitoa mkono taratibu, akasema inuka mayu, watu wanatuona. Akaenda zake kutafuta gari la kumrudisha Nkoma. Nauli nilitaka kumpa, akakataa.

Nilirudi kwa wakili, tukaandika kiapo upya, ng'ombe ndani. Nikamwambia basi, mitamba miwili ni ya mzee, iandikeni. Akaiandika. Lakini nani angeniamini tena? Wadai wangu wote walishasikia habari za barabarani. Kwenye kikao cha wadai yule afisa akasimama akasema mama huyu asubuhi alisema hawajui ng'ombe, alasiri akasema wake wote, sasa anasema wengine ni wa huyo mzee anayewafuga, si njia nyingine ya kuficha hiyo? Na kituoni nilikuwa nimesema kwa mdomo wangu kwamba ni wangu wote! Karatasi hakuna. Mashahidi wa baba walishakufa. Tukamwomba Mzee Jilala aje aseme sehemu yake. Akatuma jibu kwamba alishakwenda mara moja kusema ukweli mjini, haendi tena.

Waliuzwa wote. Na mitamba ya mzee pia ikauzwa.

Mahakama ilinitangaza mufilisi. Nilikuwa nimeogopa siku hiyo kama kifo, lakini ilipita kama siku nyingine tu. Watu walinitazama wiki moja wakapata habari nyingine. Simu ikanyamaza. Yule afisa tukikutana ananisalimia vizuri kabisa, kana kwamba hakuwahi kunipigia mlango. Sasa nauza mafuta ya kupima kwenye genge la mtu mwingine. Minza alisimama mwaka mmoja, akafanya kazi ya dukani, amerudi chuo na anamalizia. Hajanilaumu. Kumbe tungeweza kuishi bila wale ng'ombe! Hilo ndilo linaloniuma.

Mama nilimweleza maana ya mufilisi. Akasema kwa hiyo mimi nilikupigia kigelegele cha kuuziwa mali? Akacheka, kisha akajifunika khanga usoni.

Nimekwenda kwa Mzee Jilala mwaka huu, baada ya mavuno. Nilijitayarisha kufukuzwa. Nilitamani hata anifukuze. Alinipokea kama zamani, akanisalimia mwadila mayu, akanitolea kigoda, akamwita mkewe anipikie chai. Chai ikaja ya rangi. Mkewe akasema kwa aibu kwamba siku hizi maziwa ni ya kununua, wale wao wenyewe wawili hawakamuliki. Nikainywa. Zizi la upande wangu limeota majani, na shamba lake la pamba mwaka huu limedumaa kwa kukosa samadi. Hakulitaja hata kidogo. Aliniuliza habari za Minza, akaniombea safari njema.

Wewe unayesoma hapa umebanwa na madeni, unayezunguka mji unaongea peke yako kama mimi, nakusihi usikimbie. Kuomba kutangazwa mufilisi siyo kufa. Kama hali imefika huko, nenda mapema, nenda kabla hujaanza kudanganya. Kaa kwa wakili utaje kila kitu, cha kwako na cha mwenzako kilicho ndani ya chako, hasa kile kisichokuwa na karatasi. Cha kwako kitakwenda, utalia, utaanza upya. Cha mwenzako kitabaki kwake. Mimi niliulizwa swali hilo vizuri kabisa, nimekaa kwenye kiti, nina muda wa kujibu, nikasema nitakwenda kuulizia nyumbani.

Wadai wangu wote wamelipwa kidogo kidogo, kila mmoja kwa fungu lake, kwa sababu niliwaandika. Benki niliiandika. Kikundi nilikiandika. Hata yule wa kausha damu nilimwandika jina lake na la kampuni yake bila kukosea herufi.

Mzee Jilala, siku ile ambayo ningeaminiwa, sikumwandika.